Mzee Kitabu, Mgonjwa wa Mtihani

Hospitali yenyewe haikuwa kubwa. Wodi nne, maabara moja, chumba cha eksirei ambacho mlango wake ulifungwa kwa kusukumwa na goti, na nyuma kabisa banda la kufulia, ambako shuka zilianikwa tangu asubuhi mpaka jioni kama vile hospitali nzima ilikuwa ikijiandaa kusafiri. Lakini ilikuwa hospitali ya kufundishia. Watu waliokwisha kuwa madaktari, wenye vyeti na mihuri yao, walikuja pale wakakaa miaka mitatu kusomea ubingwa wa magonjwa ya ndani, yaani moyo, mapafu, ini, figo, na kila kinachougua chini ya ngozi bila kuitiwa kisu. Vitabu walikuwa navyo, tena vinene vya kukalia. Ila kazi hiyo haifundishiki kwa vitabu peke yake. Lazima awepo mtu wa kushikwa, wa kugongwagongwa mgongoni na kuambiwa vuta pumzi, shusha pumzi.

Mmoja wa watu hao alikuwa seremala mstaafu. Wauguzi na madaktari walimwita Mzee Kitabu, kwa sababu alikuwa amesomwa na kila mtu.

Moyo wake ulikuwa na kasoro tangu utotoni. Alipokuwa na miaka tisa alishikwa na homa ya viungo, magoti yakavimba kama maboga, akalala ndani msimu mzima, kisha akapona akarudi kucheza. Kumbe homa ilikuwa imepita kifuani ikauharibu mlango mmoja wa moyo, upande wa kushoto. Tangu hapo mlango ule haukufunga sawasawa. Damu ambayo ilipaswa kwenda mbele yote, nyingine ilirudi nyuma, na kila iliporudi ilivuma. Fuu, fuu, fuu. Mwenyewe hakuusikia mvumo huo hata siku moja, lakini aliyeweka stetoskopu chini ya chuchu ya kushoto, mzee akiwa amelalia ubavu, aliusikia vizuri mpaka kwapani. Mambo haya hayakumpa shida kuyaelewa. Mlango umepinda, haukai kwenye fremu, upepo unapita. Alichoshangaa ni jinsi ulivyomvumilia. Alikuwa ametengeneza milango mingapi kwa mikono yake, ya mbao ngumu iliyokauka vizuri, nayo ikaliwa na mchwa kabla ya huo uliopinda!

Basi kila mwaka, madaktari wa ubingwa walipofanya mtihani wa vitendo, Mzee Kitabu aliitwa. Alivaa shati safi, akabandikwa namba kifuani kwa pini, akalazwa kitanda cha sita nyuma ya pazia la kijani. Watahiniwa wakaingia mmoja mmoja, kila mmoja na dakika zake, wakamuuliza, wakampima, wakatoka kwenda kuwaeleza watahini wameona nini. Mambo yakiisha analetewa chai na mkate, na daktari bingwa, yule mkuu wa mafunzo, anampa mkono mbele ya wote na kusema, "Ahsante, mwalimu." Miaka kumi na minane mfululizo. Tangu pumzi ilipomshinda akafunga karakana, na watoto wakaenda kuishi kwao, neno hilo moja ndilo lililombakia la kumfanya atembee kifua mbele. Nyumbani aliulizwa tu kama amefunga geti.

Sasa, hakuwa mtu wa kuamini haraka, huyu mzee. Miaka arobaini ya kununua mbao ilikuwa imemharibu, au imemtengeneza, sijui niseme vipi. Aliona kila mbao iliyopakwa rangi ina jambo, na kila mtu mwenye maneno laini hivyo hivyo. Akipewa chai hospitalini huinusa kwanza. Madaktari wawili wakinong'onezana karibu na kitanda chake, hukaa akiwaza siku nzima wamesema nini. Na alijua siri ambayo bingwa hakuijua, ila aliihisi: watahiniwa walikuwa na daftari. Daftari dogo, limekunjika pembe, lilirithishwa mwaka hadi mwaka, nalo lilieleza kitanda kwa kitanda. Kitanda cha sita, seremala, mlango wa kushoto unavuja. Aligundua siku kijana mmoja alipomwekea stetoskopu kifuani, akafumba macho, akatikisa kichwa kama mtu anayesikiliza muziki mzuri, na huku masikio ya chombo chenyewe yakiwa bado yananing'inia shingoni. Alifaulu. Siku hizi ni bingwa mahali fulani.

Mzee hakumshtaki. Yeye mwenyewe alikuwa na mchezo wake. Mtahiniwa akiwa na adabu, na stetoskopu ikifika pale penyewe, mzee alikohoa kidogo. Khm. Basi.

Mwaka ule wa habari hii, miezi miwili kabla ya mtihani, gego lilimtesa. Kliniki ya moyo walikuwa wamemwonya tangu zamani, na kumwandikia kwenye kadi: asing'oe jino kabla hajaonwa na kumezeshwa dawa, maana uchafu wa kinywa huingia kwenye damu ukaenda kuganda kwenye mlango mbovu wa moyo, nao ukishaganda huoza kimyakimya. Alilijua hilo kama anavyojua jina la mama yake. Lakini kliniki ni Jumanne, na jino liliuma Alhamisi. Akaenda kwa mng'oa meno mmoja karibu na sokoni, likatoka, akarudi nyumbani amefunga mdomo.

Wiki tatu baadaye homa ikaanza. Si ya kulaza mtu. Ilikuja jioni, ikamtetemesha kidogo, na alfajiri ikamwacha amelowa kama aliyevuliwa mtoni. Suruali zikaanza kumteremka. Angekwenda hospitali, lakini alikumbuka yaliyompata yule mama wa ini wa kitanda cha tatu. Alikuja siku ya mtihani ana homa, sista akamwambia mwenye homa hawekwi mtihanini, arudi akipona. Akapona, na hakuitwa tena. Nafasi yake ilikwisha kupewa mtu mwingine mwenye ini zuri zaidi, yaani baya zaidi. Mzee akaona ni heri avumilie mpaka mtihani upite.

Mkewe alikuwa mtu wa kuhesabu mambo bila kusema. Asubuhi moja alimkuta mzee uani, ameinamia beseni.

"Unafanya nini hapo?"

"Nafua shuka."

"Tangu lini?"

"Najifunza."

"Unajifunza kufua na miaka sitini na sita. Nani mwalimu wako?"

"Mke wangu, mtu akikusaidia kazi, unamhoji kama polisi?"

"Wiki iliyopita shuka, juzi shati, leo shuka tena. Baba watoto, mimi sisemi kitu." Akasimama akimwangalia huku amejishika kiuno. "Ila mwanamume anayeanza kufua mwenyewe, kuna harufu anaificha."

Mzee akachekelea moyoni, pamoja na baridi ya homa. Heri ashukiwe hilo.

Siku ya mtihani alimeza vidonge viwili vya homa kabla ya kutoka nyumbani, na kingine akiwa getini kwa hospitali. Sista wa wodi alipomwekea kipimajoto kwapani, kikasoma sawa na cha mtu mzima asiye na neno.

"Umekonda, mzee," sista akasema akimbandika namba.

"Shati ndilo limekua."

Kwa desturi ya mtihani ule, watahini wawili hupita kwanza asubuhi, wakampima kila mgonjwa wao wenyewe, wakakubaliana dalili zipi zipo, wakaziandika kwenye karatasi ya majibu. Asubuhi ile mtahini wa nje, mama mmoja bingwa aliyetumwa kutoka hospitali nyingine, gari lake lilichelewa. Bingwa wa pale akaona muda unakwenda. Akapita peke yake na faili la mwaka jana mkononi.

"Mzee, hujambo? Uko vile vile?"

"Niko vile vile, daktari."

"Haya." Akaandika kitu kimoja juu ya karatasi, akasogea kitanda cha saba.

Mzee Kitabu akashusha pumzi. Hakujua amepona nini, ila alijiona amepona.

Watahiniwa saba wakapita mbio mbio. Wote walikwenda moja kwa moja kifuani, kama mtu anayekwenda kuchukua kofia aliyoisahau.

"Mzee Kitabu, ukurasa ni ule ule?" mmoja alinong'ona.

"Geuza mwenyewe usome."

Wa nane ndiye wa mwisho. Alikuwa daktari wa kike aliyehamia mwaka ule kutoka mafunzo ya hospitali nyingine. Wenzake walimwita Mgeni, na hawakumwonyesha daftari. Walimshuku. Wengine walisema ni jicho la bingwa, kaletwa kuwachunguza. Mzee alikuwa amemwona wodini mara mbili tatu, na hakumpenda, kwa sababu alikuwa mtu wa kukaa kimya halafu kukutazama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Naomba mikono yako."

"Moyo uko huku," mzee akasema, akijigonga kifuani.

"Najua. Nitafika."

Akashika mikono yake, akaigeuza, akawasha kurunzi ndogo, akamulika kucha moja baada ya nyingine. Machale yakaanza kumcheza mzee. Miaka kumi na minane, hakuna aliyesoma kucha zake.

"Hivi vistari vyekundu chini ya kucha ni nini?"

"Vibanzi vya mbao. Mimi seremala, hujaambiwa?"

"Mara ya mwisho kushika randa ilikuwa lini?"

"Kama... miaka minne."

"Na kibanzi kimekaa miaka minne?"

"Mbao ngumu hiyo."

Hakucheka. Akavuta kope ya chini, akaangalia. Akauliza kama ana homa.

"Sina."

"Jasho usiku?"

"Mimi si mtoto."

"Umepungua?"

"Mke wangu siku hizi anapika kidogo."

"Fungua mdomo. Hili pengo la gego?"

"La zamani."

"Mbona fizi yake bado changa?"

"Mimi hupona polepole."

Hapo mzee alikuwa amekwisha kukata shauri: huyu katumwa. Si mtahiniwa huyu, ni mtego. Wanataka kujua kama Kitabu kimechakaa wakitupe. Akakaza uso. Mgeni akafika kifuani, akasikiliza kwa muda mrefu, akamgeuza ubavu, akasikiliza tena. Stetoskopu ilifika pale penyewe, na mzee hakukohoa. Kisha akamlaza chali, akaweka vidole chini ya mbavu za kushoto, mahali pa wengu, yaani bandama, akamwambia avute pumzi, akakandamiza. Maumivu yakapanda mpaka begani. Mzee akauma meno, uso mkavu kama ubao.

"Inauma?"

"Hata."

Lakini Mgeni hakuwa akimtazama usoni. Alikuwa akitazama vidole vya miguu, na vidole vya miguu vilikuwa vimejikunja kama vya kuku.

Kengele ikalia. Mgeni akatoka nje ya pazia, wakasimama palepale na watahini wawili, kwani yule wa nje alikuwa amekwisha kufika. Pazia lile lilizuia macho tu. Mzee akatega sikio.

Mgeni alianza vizuri. Mlango wa kushoto unavuja, mvumo unafika kwapani, kama walivyosema wote. Bingwa akawa anaguna kwa kuridhika. Kisha Mgeni akasema, "Ila nadhani mlango huo umeingiliwa na wadudu sasa hivi, na ni hatari. Kuna damu chini ya kucha sita. Damu yake imepungua. Wengu umevimba kiasi cha vidole viwili. Gego limeng'olewa si zamani."

Karatasi ikafunuliwa.

"Homa?" bingwa akauliza.

"Amekana."

"Kupungua mwili?"

"Amesema mke wake anapika kidogo."

Mtahini wa nje akacheka kidogo puani. Bingwa hakucheka.

"Daktari, huyu mzee namjua kwa miaka kumi na minane. Hana homa, kipimo kimesema. Kila ulichomuuliza amekana. Sasa huo ugonjwa umeutoa wapi?"

"Kwake."

"Amekana!"

"Simwamini."

"Humwamini." Bingwa akalirudia neno lile polepole. "Hapa tunafundisha kwamba mgonjwa asikilizwe kwanza. Nani alikufundisha kutomwamini mgonjwa?"

"Nimemsikiliza, daktari. Ndiyo maana simwamini."

Mzee alisikia kalamu ikikwaruza karatasi, fupi na kali, jinsi mtu anavyokata mstari, si jinsi anavyoandika alama. "Ahsante, unaweza kwenda," bingwa akamwambia Mgeni. Ajabu ni kwamba mzee alikasirika. Kuitwa mwongo, na binti wa umri wa mwanawe, mbele ya mtahini wa nje! Kwamba alikuwa amesema uongo kweli, hilo lilimjia baadaye kidogo.

Bingwa akaingia, akavuta pazia nyuma yake.

"Mzee, yule umemwambia nini?"

"Sijamwambia kitu."

"Kitanda hiki kila mwaka wote wanafaulu. Nimenyamaza tu, si kwamba sioni. Leo mmoja anakuja na mambo ambayo hayapo. Mmepanga nini?"

"Daktari, hata jina lake silijui."

"Una homa?"

Mzee akatazama dari. "Kipimo cha sista kimesemaje?"

"Kawaida."

"Basi si ndiyo hiyo."

Bingwa akamtazama muda mrefu kidogo kuliko ilivyokuwa desturi, akatoka. Hakumpa mkono. Hilo nalo mzee akaliweka moyoni likakaa vibaya.

Alikuwa akifunga vifungo pazia lilipofunguka tena. Mgeni. Alikuwa amesahau kurunzi yake juu ya kabati. Akaichukua, akaitia mfukoni, akataka kutoka, akageuka.

"Umenivua nguo mbele ya watu," mzee akamwambia.

"Baba, mimi nikifeli nitarudia mwakani." Hakupandisha sauti. "Wewe sijui kama mwakani nitakukuta."

Akaondoka zake.

Anajipigia debe huyo, mzee akawaza. Anataka niende nikamsafishie jina, apite. Hivyo ndivyo watu walivyo, huja na lao wakalifunga kama zawadi yako. Akajaribu kulala kidogo akisubiri chai. Haikuwezekana. Mkono wake ulikuwa mbele ya uso wake, na macho yakawa yanakwenda kwenye kucha yenyewe. Vistari vile. Alikuwa ameviona wiki mbili sasa, akasema vibanzi, na kwa kuwa amesema mwenyewe, akaamini mwenyewe. Hakuwa na desturi ya kujishuku.

Akabandua pini iliyoshika namba. Kama kuna kitu seremala anakijua kuliko daktari yeyote, ni kibanzi. Kibanzi kina kichwa na mkia. Ukikisogezea ncha, kinauma, kisha kinachomoka. Akaingiza pini chini ya kucha ya kidole cha shahada, taratibu, akasogeza. Hakuna kilichouma, wala hakuna kilichosogea. Akajaribu kidole cha kati. Kisha mkono wa pili. Mstari ulikuwa pale, mwekundu wa kuiva, lakini chini ya pini hapakuwa na mbao. Palikuwa na yeye mwenyewe.

Baridi ikaanza kumrudia, maana dawa za homa zilikuwa zimeanza kuisha nguvu. Akaanza kupiga hesabu. Akisema, atoke kwenye orodha, na mwalimu hatakuwapo tena, atabaki mzee wa kufunga geti. Na atamwaibisha bingwa mbele ya mtahini wa nje. Asiposema, aende nyumbani, afue shuka. Mpaka lini? Neno lile la kliniki likamrudia, kwamba mlango mbovu huoza kimyakimya. Aliwahi kufungua fremu ya mlango uliopakwa rangi mpya, akaingiza bisibisi ikazama yote kama kwenye mkate.

"Sista!"

"Chai inakuja, mzee."

"Sitaki chai. Niitie bingwa. Mwambie nimedanganya."

Sista akafungua pazia nusu. "Umedanganya nini?"

"Kila kitu, isipokuwa umri."

Wakaja wote wawili, bingwa na mtahini wa nje. Mzee akaeleza bila kupamba: gego, homa, jasho, vidonge vitatu vya asubuhi, mama wa ini wa kitanda cha tatu. Alipofika kwenye gego bingwa akafumba macho. Kisha akamwomba mikono, akamsogeza mpaka dirishani penye mwanga, akatazama kucha kwa muda. Akamlaza, akaweka vidole chini ya mbavu za kushoto, akakandamiza.

"Mama yangu!" mzee akapiga ukelele uliofika kitanda cha kwanza.

Mtahini wa nje alikuwa ameichukua ile karatasi ya majibu anaisoma.

"Asubuhi ulimpima?" akauliza.

"Nilimuuliza hali."

"Nimeuliza ulimpima."

Bingwa alikuwa mtu mzima mwenye mvi, aliyefundisha watu wengi sana, na Mzee Kitabu hakuwa amewahi kumwona akitafuta maneno. "Hapana," akasema. "Niliichukua ya mwaka jana. Nikabadilisha tarehe. Kwa sababu ni huyu. Kwa sababu huyu habadiliki."

Akachukua kalamu, akapiga mstari juu ya majibu yote, akaandika upya palepale juu ya kabati la dawa, akatia sahihi. Mtahini wa nje naye akatia ya kwake. Kisha bingwa akafunua karatasi nyingine, ya alama, akaifuta mahali pamoja, na mzee akaona ila hakuuliza.

"Namba yako nipe," bingwa akamwambia.

Mzee akampa, pamoja na pini. "Na mwakani?"

"Mwakani kwanza tufike."

Akalazwa siku ileile, wodi ya pili, kitanda karibu na mlango. Mkewe akaja alasiri na mfuko wa nguo. Alikuwa amekwisha kuelezwa na sista. Akakaa, akapanga nguo kwenye kabati moja moja, akazipanga tena.

"Kwa hiyo ni homa."

"Ni homa."

"Siyo mwanamke."

"Mke wangu, nani atanitaka na jasho lile?"

"Afadhali angekuwa mwanamke, ningejua pa kwenda kupiga mtu." Akajifuta macho kwa upande wa mkono, haraka, kama anafukuza nzi. "Umelala karibu yangu unaoza, unaniambia unajifunza kufua."

Mzee akavuta shuka mpaka kidevuni.

Asubuhi yake Mgeni akaja na trei ya sindano. Ilikuwa zamu yake, hakuja kwa sababu nyingine. Akamtoa damu mara tatu, mahali patatu, akamweleza kwamba damu hiyo itaoteshwa maabara ili ijulikane ni mdudu gani, kwamba dawa zitapita kwenye mshipa kwa wiki sita, na kwamba moyo utapigwa picha kuona mlango umeharibika kiasi gani, na kama utahitaji kupelekwa kwa wapasuaji. Alieleza kama anavyosoma orodha, bila kumtia moyo na bila kumtisha.

"Nitapona?"

"Tukiwa tumewahi."

"Tumewahi?"

"Sijui bado, baba."

Mzee akamtazama. Kwa mara ya kwanza alitamani mtu amdanganye kidogo, na huyu hakuwa mtu wa kumwendea kwa shida hiyo.

"Umefaulu?"

"Hawajatuambia."

Unajua, unanificha tu, mzee akawaza. Mgeni akavuta kiti, akafungua faili jipya, tupu, akaanza kumuuliza upya tangu mwanzo, kama vile hawajawahi kuonana. Homa ilianza lini. Gego liling'olewa na nani, kwa chombo gani, kilichemshwa? Uzito ulikuwa kiasi gani. Mzee akajibu moja moja, mengine kwa haya, na mkono wa Mgeni ukawa unaandika bila kusimama. Walipofika mwisho akafunga kalamu.

"Kuna kingine hujaniambia?"

"Hakuna."

Mgeni hakuinuka. Aliweka faili magotini, akakunja mikono juu yake, akakaa. Troli ya chakula ikapita mlangoni, gurudumu moja likilia. Mgonjwa wa kitanda cha pili akaomba maji, akapewa. Mgeni bado amekaa.

Mzee akajikuna shingo.

"Vile vidonge vya moyo vya kila siku," akasema, akitazama ukuta. "Navimeza nikikumbuka."

"Na unakumbuka lini?"

"Siku ya kliniki."

Mgeni akafungua kalamu tena.